Mama Mkwe na Tundu la Maiki

Mama mkwe wangu aliua spika tatu kwa kidole kimoja, halafu lawama zote nikabebeshwa mimi.

Spika zenyewe nazibuni mimi, kwenye kiwanda kidogo kinachouza spika za bei rahisi zenye tundu la maiki. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo, sauti ikabaki nyembamba kama uzi, na yeye ndiye kiongozi wa kwaya. Bila maiki, waimbaji wa nyuma hawamsikii. Nikamletea spika, nikijiona mkwe wa mfano. Akainuka kwenye kochi, akaburuta ndala juu ya zulia, akanyoosha mkono achomeke maiki. Ta! Cheche ikaruka, spika ikakata kauli. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nilimwambia aiguse taratibu. Akaigusa taratibu, ikafa taratibu.

"Mama, kwani unachomekaje?" nikamuuliza, kwa ukali kidogo.

Tangu hapo akawa hagusi kitu. Taa anaomba awashiwe, simu ikilia anaitazama tu, na wajukuu wakimkimbilia anaficha mikono kwapani.

"Kaeni huko, wanangu. Bibi yenu ana kisirani."

Kuimba nako akaacha, hata akiwa peke yake jikoni. Mke wangu akanitua sahani mezani kwa kishindo.

"Fundi mzima wa spika! Mama yangu amenyamaza ndani ya nyumba yako, na wewe unakula."

Nilikuwa nakula kweli. Nikaacha.

Ugonjwa niliujua. Hewa ilikuwa kavu, gauni la mama ni la nailoni, na zulia letu ni plastiki tupu. Vitu hivyo vikisuguana, mwili unajaa umeme bila mwenyewe kujua, nao unasubiri chuma cha kwanza utakachogusa. Kwenye spika zetu chuma hicho kilikuwa tundu la maiki, na kutoka pale hadi kwenye chipu, ubongo wa spika, hapakuwa na hata komeo. Niliwahi kuomba vifaa vya kinga, bosi akanikatalia. "Kinachoimba nanunua," alisema. "Kinachokaa tu kulinda, kikalinde kwao."

Safari hii nilimwomba kitu kingine.

"Bosi, hatuna mashine ya kupimia cheche. Nataka nimlete mama mkwe."

"Mama mkwe ndiyo mashine?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Anakula umeme mwingi?"

"Anatengeneza wake mwenyewe."

Akakubali hapo hapo.

Kazi ikawa kwa mama. "Nije niwamalizie kiwanda?"

"Ndicho ninachotaka, mama. Ua kila nitakachokuwekea."

Alikuja amevaa lile gauni, mimi nyuma yake nimebeba zulia la sebuleni begani kama mwizi.

Bodi ya kwanza ya spika niliifungia kapasita kubwa kwenye tundu la maiki, imeze cheche. Ikaimeza, spika ikabaki hai, mafundi wakapiga makofi. Mama akaimba. Sauti ikatoka kama ya mtu aliyefunikwa godoro.

"Mmenizika," akasema, akaweka maiki chini.

Alisema kweli. Ile kapasita ilimeza na sauti nyembamba, na mama hakubakiwa na nyingine.

Nikaing'oa. Kwenye bodi mpya nikachora ncha mbili za shaba zinazotazamana, zikikaribia kugusana, ili cheche iruke pale na kuishia ardhini, isifike kwenye chipu. Shaba tayari imo kwenye bodi, bosi hakuwa na la kukataa. Kwa masalia ya cheche nikaweka rezista moja na dayodi mbili, ndogo kiasi kwamba bosi bila miwani hakuziona.

Mama akaburuta ndala zake, akasimama mbele ya spika.

"Mkwe, hii ikifa, mimi narudi kwangu. Sitaki kuwaharibia watoto nyumba."

Akagusa. Ta! Nilifumba macho.

Nilipofumbua, taa ya spika ilikuwa inawaka. Mama akachomeka maiki, akakohoa kidogo, akaimba. Ule uzi wa sauti ukatoka safi, wa kwake mwenyewe, na akina mama wa kufungasha wakaacha maboksi wazi. Machozi yalinitoka, na sioni haya.

Wimbo ukaisha, lakini maiki hakuirudisha.

"Mnanisikia?"

"Tunakusikia, mama!"

"Basi sikilizeni. Kumbe sina kisirani. Zile spika ndizo zilikuwa mbovu tangu zilikotoka!" Akaninyooshea kile kidole. "Na aliyezitengeneza ndiye huyu hapa, mkwe wangu!"

Watu wakaangua kicheko, bosi mbele yao. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha sauti. Nikaongeza.