Chagua Nchi Unayoishi

Jumamosi asubuhi Ndila aliingia kwenye duka la simu mjini Thika, akasubiri mwanamume mmoja amalize kubishana kuhusu chaja, kisha akamwambia muuzaji kwamba anataka kifaa cha kusomea vitabu. Alikuwa nesi katika zahanati moja ya Gatongora. Jioni zake za mwaka mzima alikuwa amezimaliza kwenye darasa la Kijerumani, na sasa makao fulani ya wazee huko Ujerumani yalikuwa yamemwahidi kazi. Waliotangulia walikuwa wamemwonya kwamba kilo zote za ndege zingeliwa na unga, majani ya chai na makoti. Hapangekuwa na nafasi ya vitabu.

Muuzaji, kijana aliyeitwa Mwas, alipanga vifaa vitatu juu ya kaunta ya kioo.

"Hii ya kwanza ni ya kawaida. Haina taa. Unasoma na jua."

"Huko jua ni la kubahatisha," Ndila alisema.

"Basi hii ya pili. Iko na taa, na chaji inakaa wiki mzima na zaidi. Hii ya tatu nayo haiingii maji. Unaweza soma ukioga."

"Nani anasoma akioga?"

"Watu wa majuu, siste. Sisi huku tunaoga mbio, maji inaweza potea."

Ndila alichukua ya pili. Aliipima mkononi, akafungua kurasa, akakuza herufi mpaka neno moja likajaza kioo chote, akazipunguza tena. Akalipa kwa simu. Mwas akatoa kipya kwenye boksi, akamwashia, na kifaa kikamtaka achague nchi anayoishi. Alichagua Kenya, kwa kuwa ndiko alikokuwa amesimama.

Kulikuwa na kitabu kimoja alichokitaka kuliko vyote. Zamani profesa mmoja Mjerumani alifika Masii, akakaa na wanawake waliojua kusimulia, akaandika ngano zao kwa Kikamba na kwa Kijerumani. Mmoja wa wanawake hao alikuwa nyanya yake Ndila, na jina lake lilichapwa mwanzoni mwa kitabu. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kukiona. Ndila aliandika jina la kitabu, na kifaa kikajibu mara moja: kitabu hiki hakipatikani katika nchi yako.

"Hizi ni hadithi za nyanya yangu," Ndila alisema.

"Weka Ujerumani basi," Mwas alisema. "Si ndiko unaenda? Ni kuweka tu mapema."

Akaweka Ujerumani. Kitabu kikashuka hapo hapo. Mwas akainua kichwa, akatazama pale Ndila aliposimama, na kumwita mama aliyekuwa nyuma yake.

"Karibu, kastoma. Pole kwa kungoja, nilikuwa na dada mmoja wa Ujerumani."

Ndila aliaga. Hakujibiwa, akadhani ni kazi nyingi.

Alipofika Gatongora alimkuta mwangalizi wa ploti akiwaonyesha bwana na bibi harusi nyumba aliyopanga Ndila. Walizungumza kuhusu mapazia huku Ndila akikaanga vitunguu mbele yao. Nyumba iliwapendeza, ila bibi harusi alisema ina harufu ya vitunguu. Mwangalizi akamwambia ni ya mpangaji aliyekwenda ng'ambo, na kwamba itaisha. Siku iliyofuata kanisani, mchungaji alimwombea Ndila kwa jina, Mungu amkinge na baridi na upweke wa nchi za watu. Ndila alikuwa kwenye benchi la tatu. Aliitikia amina. Mama aliyeketi kando yake alimwekea mkoba mapajani, kama mtu anavyoweka mkoba mahali palipo wazi.

Upande wa pili wa benchi alikaa mwanamume mwenye jaketi nene la manyoya shingoni, akitokwa na jasho.

"Wewe uko wapi?" mwanamume alimuuliza.

"Ujerumani."

"Mimi niko Kanada. Naitwa Gachau. Naishi Mwihoko."

Gachau alimweleza mambo yalivyo bila kupoteza muda, kwa maana mahubiri yalikuwa yanaanza. Alikuwa Kanada tangu kabla ya barabara kuu kupanuliwa. Ndege hakuwahi kuipanda. Siku moja tu alijaza Kanada kwenye simu yake mpya ili apate michezo fulani, na ikawa. Ukilipa kwa simu utauziwa kila kitu, na watu watakubariki. Uso kwa uso hawakuoni wala hawakusikii. Kwa simu wanakusikia vizuri sana.

"Lakini usipige ovyo," alisema. "Na ukiulizwa kitu, kaa kimya kidogo kabla hujajibu. Wanapenda hiyo. Wanajua ni umbali."

"Na ukirudisha Kenya?"

Gachau alifungua zipu ya jaketi kidogo. "Nilijaribu. Ndugu zangu waliniuliza ni nini nimewaletea."

Ndila alihamia Murera kwa mama yake, Kalondu, ambaye wanawe walimwita mwaitu kwa Kikamba, katika chumba alicholala alipokuwa shule. Mama hakumwona akiingia. Chakula cha sufuriani kilipoanza kuisha haraka, Mama alipika zaidi, akisema uzee umemwondolea vipimo.

Kilichomtia Ndila wasiwasi ni mguu. Mama alikuwa na kisukari, na kwenye vidole vya mguu wa kushoto kulikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Mwana wa kiume, Kyalo, aliyeishi ploti moja na Mama na kuuza mawe ya kujengea, alikitibu kwa mafuta aliyouziwa na rafiki yake, na kila jioni alimletea Mama soda ya kumtia nguvu. Tangu mvua za mwisho Ndila alikuwa amesema hospitali, hospitali, hospitali. Alikuwa amesema akiwa na yunifomu na akiwa bila yunifomu. Kyalo alikuwa akimjibu kwa upole, kama anavyojibiwa mtoto.

"Wewe ni wa kupima presha hapo Gatongora. Hii ya mguu tuachie."

Na Mama, ambaye hakupenda watoto wake wagombane, alikuwa akisema wangoje kidogo.

Sasa Ndila alisimama kando ya banda la kuku, akampigia kaka yake simu. Kupitia dirishani alimwona Kyalo akitazama jina kwenye kioo, akisimama, akifunga kifungo cha shati.

"Dada! Habari ya Ujerumani?"

Ndila alinyamaza kidogo. "Nzuri. Kyalo, mguu wa mwaitu uende hospitali. Na soda iishe leo."

"Ni hivyo wanasema huko?"

"Ni hivyo wanasema."

Kyalo alimwaga soda kwenye majani kabla hajakata simu. Kabla ya jioni alikuwa amepiga hospitali moja ya Thika, akapata nafasi ya daktari, na kuwatangazia majirani kwamba matibabu ya mama yake yanaongozwa kutoka Ujerumani. Mafuta ya rafiki yake aliyapaka kwenye bawaba za geti.

Tangu siku hiyo Ndila alishauriwa juu ya kila jambo. Waliuliza kama mbwa wafungwe mchana. Binamu aliyewahi kumkatiza Ndila kwenye kila kikao cha ukoo alimpigia kuuliza ampeleke mwanawe chuo gani, akashukuru mara mbili. Majibu yalikuwa yale yale aliyokuwa akiyatoa miaka yote bila kuulizwa.

Alasiri alimsomea mama yake. Mama alikaa kibarazani, mguu juu ya stuli, simu sikioni; Ndila alikaa nyuma ya mlango na kifaa chake, akamsomea ngano za Masii jinsi nyanya alivyozisimulia. Mama alicheka mahali ambapo profesa alikuwa ameeleza kwamba ni pa huzuni. Alimwambia jirani simu za siku hizi ni nzuri, sauti inakuja kama mtu yuko nyuma ya mlango.

Wiki hiyo hiyo wakala wa ajira alimtumia Ndila ujumbe. Makao ya wazee yalikuwa yamempa mtu mwingine kazi. Alimtakia kila la heri. Ndila aliusoma akiwa ameketi kitandani, akalia kwa sauti, kwa vile hakukuwa na wa kumsikia, kisha akaosha uso na kwenda kuchanganya chakula cha kuku. Kulia hakukubadilisha mahali alipokuwa. Kwa watu wote wa Murera aliendelea kuwa Ujerumani.

Siku moja kabla ya hospitali, Mama alimwambia kwenye simu, "Ndila, mimi naogopa. Wanaweza kukata mguu wote. Ningekuona hata kidogo tu."

"Utaniona, mwaitu."

Alifungua kifaa, akatafuta mahali pa nchi, akarudisha Kenya. Kitabu cha nyanya kikatoweka. Akachukua maandazi jikoni asiingie mikono mitupu, akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa mbele. Mama alimwona akiwa bado ukumbini, akafungua mikono, na Ndila akapiga magoti penye stuli akakumbatiwa mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka. Mama alinuka dawa na moshi, kama kawaida.

Kyalo aliingia na kofia mkononi. "Umerudi? Walikufukuza?"

"Nimekuja kumpeleka mwaitu hospitali kesho."

Kyalo aliketi. Alimtazama kwa muda, viatu na yote.

"Ile ya hospitali ilikuwa shauri ya mtu wa Ujerumani," alisema. "Yule anajua. Wewe sasa ni Ndila wa hapa."

"Yule ni mimi, Kyalo."

"Sijakataa ni wewe. Nasema ulikuwa na maana ukiwa huko."

"Mguu utaoza."

"Usimtishe mama." Akachukua simu yake, akaahirisha miadi ya daktari, akamtuma mtu dukani. Soda ilifika baridi. Kyalo aliifungua mwenyewe na kumpa mama yake, naye Mama akaishika bila kunywa, akiwatazama wote wawili.

"Tungoje kidogo," Mama alisema. "Bora wote mpo."

Ndila alikaa na mama yake mpaka chai ya saa kumi. Alimsuka nywele zote, taratibu, kichwa cha Mama kikiwa kimeegemea goti lake. Alipofungua kitambaa cha mguu aliona weusi umepita kidole cha pili. Akakifunga tena. Alimbusu mama yake kwenye paji la uso, jambo ambalo kwao halifanywi, na Mama akauliza, "Unaenda wapi?"

"Naenda tu hapo nje, mwaitu."

Kando ya banda la kuku aliwasha kifaa, kikamuuliza nchi, akachagua Ujerumani. Akapiga simu.

"Dada!" Kyalo alisimama. "Ulifika salama?"

Ndila alinyamaza kidogo. "Nilifika. Kwa nini umebadilisha siku ya daktari?"

"Ni hao wa hapa walituchanganya," Kyalo alisema. "Naipigia hospitali sasa hivi."

Asubuhi iliyofuata walikwenda Thika kwa gari la Kyalo, Ndila akiwa kiti cha nyuma kati ya mama yake na mto wa kuegemezea mguu. Daktari alikata vidole viwili, akasema mguu umepona chupuchupu. Wangechelewa zaidi, ungekatwa gotini. Nesi wa wodi, msichana wa Ruiru aliyeitwa Ciku, alimuuliza Kyalo kwa nini kidonda kililetwa kikiwa hivyo.

"Tulikuja mara tu dada yetu wa Ujerumani alipotuambia."

"Kwani huko kwenu hakuna manesi?"

"Wako wengi," Kyalo alisema. "Lakini ni wa hapa hapa."

Ciku alimtazama, kisha akamweleza jinsi ya kuosha kidonda, dawa za kunywa, na vyakula vya kuacha. Kyalo alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akatoka nje na kumpigia Ndila. Ndila, aliyekuwa amesimama begani pa Ciku na kuyasikia yote, akayarudia neno kwa neno, naye Kyalo akasema sasa ameelewa.

Siku ya kutoka, Mama aliwekwa kwenye benchi la ukumbini wakati Kyalo akienda kuleta gari. Alikuwa na simu sikioni. Ndila alikaa kando yake, na kwa kuwa watu walikuwa wengi aliongea polepole kwenye simu yake mwenyewe.

"Uchungu umepungua," Mama alisema. "Kyalo amekuwa mtoto mzuri. Mguu wangu ameuokoa."

"Ndiyo, mwaitu."

"Unarudi lini?"

Ndila alinyamaza, na safari hii si kwa sababu ya umbali. Aliuchukua mkono wa mama yake uliokuwa wazi juu ya leso, akaushika kwa vidole vyote. Mama aliutazama mkono wake, akatazama nafasi tupu kwenye benchi, na hakuutoa.

"Mkono wako una joto," Mama alisema kwenye simu. "Huko si mnasema kuna baridi?"

"Ndani wanaweka hita, mwaitu."

Mama aliitikia kwa kichwa, akaona ni jibu la kutosha. Akauliza kama huko hita wanaizima usiku ama wanaiacha.