Unyevu wa Kulalia

Saa nne asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuchoma mabati, mwoka mikate aliketi ghafla kitandani, akakohoa, akapiga chafya mbili, akaivua maski usoni kama mtu anayemtoa nge shatini.

"Nazama!" alisema. "Mke wangu, nazama kitandani kwangu mwenyewe!"

Mkewe alikuja mbio kutoka uani, povu la sabuni likimfika viwiko. Alimkuta mume anajifuta masharubu kwa shuka, matone yanamning'inia kidevuni, na ile mashine juu ya kabati bado inapuliza hewa taratibu, haina habari na mtu.

"Tena?"

"Tena. Maji yameniingia puani mpaka nimeota nimeangukia kisimani."

Huyu bwana kazini na mtaani alijulikana kwa jina la Hamira. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza wa kazi, siku aliyotia hamira mara tatu kwa kusahau, unga ukaumuka, ukapanda karai, ukashuka karai, ukaanza safari ya mlangoni. Sasa alikuwa na miaka kumi na moja kwenye tanuri na hakuna aliyemfikia kwa mkono, ila jina halikumwacha. Mkewe walimwita Mama Kibonge, kwa sababu ya mtoto wao wa miezi kumi, ambaye ukimwona huulizi jina limetoka wapi.

Hamira alikuwa anafanya kazi usiku na kulala mchana. Tatizo ni kwamba kwa muda mrefu alikuwa halali, anakoroma tu. Anakoroma, ananyamaza, pumzi inakatika, halafu anashtuka na kuvuta hewa kama aliyetoka chini ya maji. Mwezi uliopita, usingizi ulimchukua amesimama mbele ya tanuri, mkono ukagusa mlango wa chuma. Kovu lilikuwa bado jekundu. Msimamizi wake, mtu asiyependa maneno mengi, alimtoa kwenye tanuri siku ileile, akampeleka meza ya kufunga mikate pamoja na vijana walioanza kazi juzi.

"Rudi na barua ya kliniki," alimwambia. "Bila barua, tanuri usilisogelee. Sitaki kumzika mtu wangu."

Kliniki wakampima, wakaona pumzi inakatika usingizini, wakamwazima mashine: kidude kidogo chenye kitangi cha maji ya kupashwa moto, mpira mrefu wa hewa, na maski ya puani. Ya kuazima kweli, kwa maana mashine zilikuwa chache na foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi alieleza bila kuzungusha: siku kumi na nne za majaribio, na angalau siku kumi kati ya hizo avae saa nne au zaidi. Mashine yenyewe inaweka kumbukumbu. Akishindwa, inaenda kwa anayefuata, na barua hakuna.

Leo ilikuwa siku ya nne. Siku ya kwanza alivaa saa moja na nusu, ya pili saa mbili, ya tatu saa moja. Na sasa hii.

"Basi nne zimekwenda," alisema Mama Kibonge, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Zimebaki kumi. Hata moja isipotee."

"Zimebaki kumi za kuzama," alisema Hamira.

Mlangoni alitokea mama yake Hamira, Bibi wa nyumba, amembeba Kibonge kiunoni. Bibi huyu tangu mashine iingie ndani alikuwa hajakauka utani.

"Tembo wetu ameamka?" aliuliza. "Mkonga umevuja leo pia?"

"Mama, acha."

"Mimi nina wazo. Si inahesabu saa tu? Haijui sura ya mtu. Nipe nivae mimi. Mimi nalala vizuri sana mchana. Siku kumi hizo nitakupa na za ziada."

Hamira alimtazama mama yake kwa namna ambayo mkewe aliona wazo limeanza kumkaa.

"Wewe!" Mama Kibonge alimpiga bega. "Bibi atalala, barua itatoka, halafu kwenye tanuri atasimama nani? Atasimama Bibi?"

"Natania, jamani," alisema Bibi. Ila alisema kwa sauti ya chini, na macho yake yalikwenda kwenye lile kovu.

Mama Kibonge alinyanyuka, akaushika ule mpira wa hewa. Ulikuwa baridi kama shingo ya chupa. Akauinua upande mmoja, akasikia maji yanakimbia ndani, *goro goro goro*, yakielekea kwenye maski. Akatazama ulikotoka: juu ya kabati. Waliiweka huko wenyewe, kwa sababu Kibonge alikuwa ameanza kutambaa na kila chenye waya alikivuta. Akatazama dirishani: shuka bichi, alilolitundika yeye mwenyewe kila asubuhi ili mume apate ubaridi wa kulalia, na feni nyuma yake ikipuliza moja kwa moja kitandani. Halafu akatazama namba ya unyevu kwenye kioo cha mashine.

"Baba Kibonge, nani ameweka nane?"

"Mimi."

"Muuguzi si aliweka mbili?"

"Ile mbili ilinikausha siku ya kwanza. Pua ikawa kama ukoko. Mimi unyevu naujua, mke wangu. Mkate ukianza kukauka juu, unaongeza mvuke. Unaongeza mpaka uso wake ulainike. Miaka kumi na moja."

"Sawa. Hebu niambie kitu. Kule kwenye chumba chenu cha kuumulia, mvuke ukigeuka maji, yakaanza kudondokea mikate, mnafanyaje?"

"Ah, hilo jambo dogo. Huwa ni mtu ameacha mlango wazi. Baridi imeingia, imekutana na mvuke wa moto, basi paa linatoa jasho. Unafunga mlango, unapunguza mvuke kidogo, na ile trei iliyo chini ya..."

Aliitazama feni. Akalitazama shuka bichi. Akaufuata mpira kwa macho, kutoka kabatini, ukiteremka, ukiteremka, mpaka kwenye maski iliyokuwa mkononi mwake.

"Wewe mwanamke," alisema polepole.

"Mimi nimeuliza tu."

"Mpishi mzima," alisema Bibi, "ameacha mlango wazi."

Walianza kazi palepale. Walizima mashine, wakamwaga maji ya kitangi kwanza, wakaishusha kwenye kigoda kilichokuwa chini kuliko godoro, ili maji yakitokea kwenye mpira yarudi yalikotoka. Kibonge aliyaona hayo akapiga kelele za furaha, akaanza kutambaa kwa kasi. Hamira alikwenda uani, akarudi na kreti la plastiki la kubebea mikate, lenye matundu pande zote, akaifunikia mashine. Hewa ilipita bila shida, mkono wa mtoto haukupita. Kibonge akapiga kreti kwa viganja, akaona halifunguki, akahamia kwenye ndala.

Feni wakaigeuzia ukutani. Shuka bichi likarudi kwenye kamba ya nguo.

Ukabaki mpira wenyewe. Ulitaka nguo, kitu cha kuuhifadhia joto njia nzima. Mama Kibonge alifungua sanduku na kutoa blanketi dogo la pamba nene. Blanketi hilo ndilo walilomtoa nalo Kibonge hospitali. Alilishika, mkasi ukiwa mkono wa pili, asikate.

"Kata," alisema Bibi. "Mtoto ana makalio ya kuvunja kiti. Hilo halimtoshi hata kisogo."

"Najua, mama. Nalitazama tu."

"Litazame ukikata."

Akakata. Alishona mchana ule kwa mkono, mshono wa haraka usio na urembo, akaupitisha mpira ndani kama mguu kwenye soksi. Ukapendeza hata.

Siku ya tano Hamira alirudi kutoka kazini saa moja asubuhi, akaoga, akalala saa mbili. Ila mtu aliyezama jana huogopa hata beseni. Bila kumwambia mtu, aliishusha namba ya unyevu kutoka nane mpaka sifuri.

Saa tano akaamka. Hakukuwa na tone. Koo lilikuwa limekauka kama aliyemeza kijiko cha unga, na pua inawaka. Mama Kibonge aliingia akamkuta ameishika maski mapajani.

"Imeshindikana," alisema Hamira. "Wampe mwingine. Pengine kuna mtu pua yake haina maringo."

"Umevaa saa ngapi?"

"Tatu."

Mkewe alichungulia namba, akaona ile sifuri. Ulimi ulimwasha kusema, akaumeza. Akampa maji ya kunywa, akachukua simu, akapigia kliniki. Muuguzi alipokea huku akisikika anaandika.

"Nane, halafu sifuri?" Muuguzi alicheka, si kwa dharau. "Dada, mwambie bwana hiyo si swichi ya taa. Aipandishe moja moja. Kila namba aipe siku yake. Maji yakionekana, arudi nyuma moja. Pua ikikauka, aende mbele moja. Na kitangi kila siku maji mapya, yale safi ya kununua, si ya bomba. Mmeufunika mpira?"

"Nimeushonea nguo."

"Ya nini?"

"Blanketi la mtoto."

Muuguzi aliacha kuandika. "Hapo mmefanya vizuri sana," akasema. "Na leo bado hajachelewa. Saa zinajumlishwa. Avae tena."

Mama Kibonge aligeuka. "Umesikia? Saa zinajumlishwa. Bado moja tu. Weka moja, tuone."

"Sina usingizi."

"Sijakwambia ulale. Nimekwambia uvae."

Akavaa, uso umenuna nyuma ya maski. Mkewe akapanda kitandani, akajilaza ubavuni mwake juu ya shuka, akaanza kumsimulia habari za mtaani: fundi cherehani na mkwe wake, bei ya mkaa, jinsi Kibonge alivyomuuma Bibi kidole. Hamira hakuweza kujibu, maana ukifungua mdomo na maski hiyo hewa inatorokea humo. Kwa mara ya kwanza tangu waoane Mama Kibonge alisikilizwa mpaka mwisho. Alipofika kwenye kile kidole, Hamira alikuwa amelala. Siku ile ilihesabu saa nne na dakika kumi.

Siku ya sita alikaa kwenye moja, akaona bado pamekauka kidogo. Siku ya saba mbili, afadhali. Siku ya nane akaweka tatu.

Mama Kibonge hakusikia kitu. Alifua, akapika, akamlisha mtoto, na kila alipopita mlangoni aliweka sikio. Saa nne ikapita. Saa tano. Saa sita akaingia kwa ncha za vidole. Alizoea kumkuta shingo imepinda, mdomo wazi, na ule ukimya mbaya ambao humfanya mke asimame na kuomba. Safari hii alimkuta amelala chali kama mtoto aliyeshiba, kifua kinapanda, kinashuka, kinapanda. Aliushika mpira kupitia blanketi. Ulikuwa vuguvugu. Akauinua kidogo, akatega sikio. Kimya. Hakuna hata tone.

Aliketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Bibi alipochungulia akadhani kuna baya.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Analala."

Bibi alisimama akisikiliza muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza, hakutania. Alimnyanyua Kibonge, akaondoka naye uani, akaufunga mlango taratibu.

Hamira aliamka saa tisa mchana. Alitazama dari, akajigusa pua, akajigusa koo.

"Nina njaa," alisema kwa mshangao. "Na kichwa hakiniumi."

Siku ya kumi na tano walikwenda kliniki wawili, mtoto wakamwachia Bibi. Muuguzi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alitoa kadi ndogo kwenye mashine, akaichomeka kwenye kompyuta. Akasogeza uso karibu na kioo. Hamira alishika magoti yake kama anayesubiri hukumu, na Mama Kibonge aliishika mikono iliyoshika magoti.

"Siku ya kwanza hapana," muuguzi alisoma. "Ya pili hapana. Tatu, nne, hapana." Akavuta kiti. "Ya tano, saa nne na dakika kumi. Nyie! Hapo mlipita kwenye tundu la sindano. Ya sita ndiyo. Saba ndiyo. Nane... saa saba kamili?"

"Hiyo ilikuwa namba tatu," alisema Hamira, kama anayetaja mtoto wake aliyefaulu.

Muuguzi aliendelea mpaka mwisho, kidole kikigonga meza kwa kila siku aliyoisoma. Zilikuwa kumi, bila kupungua. Na pumzi zilizokuwa zikikatika mara arobaini kwa saa, sasa zilikatika mara tatu.

"Mashine itabaki kwenu," alisema. "Msimu wa baridi ukija, usishtuke, utaibadilisha tena namba. Moja moja lakini."

"Moja moja," alisema Hamira.

Akaandika barua, akagonga muhuri, akamkabidhi. Hamira aliisoma amesimama, akaisoma tena kwenye korido, na mara ya tatu mkewe akamnyang'anya ili aisome yeye. Iliandikwa kwamba yu salama kurejea kwenye tanuri. Alimwona mumewe anageukia dirisha, anajifanya anatazama bustani.

Simu ikalia. Ilikuwa ya Bibi.

"Haya, wameichukua mashine?"

"Hawajachukua, mama. Na barua tumepewa. Leo usiku anaanza."

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu ikishuka, ndefu kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Basi njooni upesi," alisema Bibi, sauti ikitetemeka kwa kicheko au kwa kitu kingine. "Huyu mwanenu amelowa mpaka mgongoni, na mimi siwezi kulia na kubadilisha nepi kwa wakati mmoja."