Chupa za Dirishani

Alimfunga mumewe vitambaa mikononi, maana ngozi ilikuwa imeambuka tena. Miaka saba mzee huyo alikuwa ameosha matangi ya kiwanda cha ngozi. Kisha akabeba sanduku lake la chupa, akaenda kazini katika kiwanda hichohicho: yeye ndiye mchota maji ya kupimwa.

Siku zote alichota upande wa juu wa bomba la majitaka, mahali ambapo mto ulikuwa bado safi. Sheria ya hapa ilitaka "maji ya mto", basi. Ya ng'ambo, ambako kampuni yenye kiwanda iliuza viatu, ilitaka maji ya mdomoni mwa bomba, na sahihi ya mchotaji.

"Mama, chota palepale," meneja alisema, akimsogezea fomu mbili. "Hii ya hapa andika mtoni. Hii ya ng'ambo andika bombani."

"Na wakija kuuliza?"

"Watakuuliza wewe. Sahihi si yako?" Akacheka. "Natania, mama. Mzee anaendeleaje?"

"Yupo."

Alimchukia mpaka meno yakamuuma. Akateremka bombani, akachota maji meusi yenye povu. Chupa moja akaifungia sandukuni iende ng'ambo. Meneja hakuwahi kufungua sanduku, harufu ilimkera. Nyingine akaenda nayo nyumbani, iwe ushahidi.

Wiki tano alisubiri kwa furaha. Aliwaza meneja akitolewa nje na pingu mikononi, au walau akitokwa jasho.

"Siku hizi unaimba," mumewe alimwambia.

"Namwimbia mtu msiba wake."

Meneja alipomwita, hakuwa na hata tone la jasho. Mezani palikuwa na ripoti mpya ya mazingira, jani la kijani kwenye jalada.

"Maji yako yamefika. Wamekuja juu kwelikweli. Kwa hiyo kiwanda tumekihamishia kampuni nyingine, ya hapahapa. Karatasi tu. Ripoti ya ng'ambo haitutaji tena."

"Na bomba?"

"Bomba liko palepale." Akampa bunda la lebo zenye jina jipya. "Wala sikufukuzi. Mtu akija kuuliza, nitamwonyesha nani?"

Akachota juu ya bomba, kama alivyoagizwa. Kisha akateremka, akajaza nyingine.

Nyumbani aliibandika lebo mpya, akaandika tarehe, akaiweka dirishani kando ya ile ya kwanza na dawa ya mumewe.

"Utazipeleka wapi?" mumewe akauliza.

Akaisogeza dawa pembeni, akaacha nafasi ya chupa nyingine.