Kigoda cha Mzee Kisia

Soko la vitu vya kale lilitandazwa kwenye nyasi za bustani, meza kwa meza, kuanzia langoni hadi karibu na vyoo. Madam alitangulia, kofia pana kichwani. Everlyn, mfanyakazi wake wa nyumbani, alimfuata na mifuko: mmoja una taa ya shaba, mwingine simu ya kukoroga isiyoita tena. Dereva wao Sowedi, Mganda mpole, alibaki akitafuta kivuli cha kuegesha gari.

Madam hakuwa na shida ya vitu. Nyumba yao ya mtaa wa Mirdif ilikuwa imejaa hadi kwenye ngazi. Alichotafuta, kama alivyopenda kuwaeleza rafiki zake, ni vitu vyenye roho.

Meza ya muuzaji Raed ilikuwa ya mwisho kwenye safu. Juu yake palikuwa na vinyago, ngoma na vikapu. Chini, kwenye zulia, palikuwa na kigoda cha miguu mitatu, kimeng'aa kwa miaka ya kukaliwa. Juu ya kigoda alikuwa ameketi babu yake Everlyn, mzee Kisia, aliyezikwa kwao Vihiga Everlyn angali shuleni. Alivaa koti la kahawia alilozikwa nalo.

"Umekonda," mzee alisema kwa lugha ya nyumbani.

"Mirembe, guga," Everlyn alimwamkia. Akaweka mifuko chini, akamshika mkono. Ulikuwa baridi, lakini hata wa madam ulikuwa baridi, kwa sababu ya kiyoyozi cha gari.

Madam alikuwa ameinama akikagua miguu ya kigoda. "Ni cha asili kweli?"

"Madam, kingekuwa bandia, mwenyewe angekikalia?" alisema Raed. "Vya bandia haviji na mtu. Tazama pale kwa jirani yangu. Vimejaa, vyote vitupu."

Madam akatazama, akaridhika. "Anakula?"

"Hali. Hukohoa kidogo asubuhi. Hana usumbufu."

"Everlyn, nyinyi mnaelewana. Muulize kigoda kina umri gani."

Everlyn akauliza kitu kingine. "Guga, umefikaje hapa?"

"Uliza kigoda kimefikaje. Mimi nimekifuata tu." Mzee akakohoa. "Kabla matanga hayajaisha alikuja mtu na gari safi, akamwambia mjomba wako Ronny kwamba anataka kukipiga picha mjini. Akamtia kitu mfukoni. Ronny hakuuliza, na kigoda hakikurudi. Nani amekaa mahali pangu?"

"Hakuna. Wazee walikataa kumkalisha mtu bila kigoda, basi kila mjomba anajiita mkubwa. Waling'oa ua wa mama, wakakata migomba yake. Walisema shamba lile ulimpa kwa mdomo, na mdomo wenyewe umeoza."

Mzee akagusa mdomo wake. "Yuko wapi?"

"Amepanga chumba Chavakali. Ndiyo maana mimi niko huku, nimlipie kodi."

"Anasemaje?" madam aliuliza.

"Anasema ni cha zamani sana." Kisha Everlyn akavuta pumzi. "Madam, huyu ni babu yangu. Kigoda hiki ni cha kwetu. Kiliibiwa."

Madam akavua miwani. Akamtazama Everlyn, akamtazama mzee, akaona pua ni moja. Uso wake ukalainika, maana hakuwa mtu mbaya.

"Habibti, mbona hukusema mapema? Basi lazima tukinunue. Utajisikia uko nyumbani."

"Nilitaka kirudi nyumbani, madam."

"Kwani kwetu si nyumbani?"

Raed alisema mambo ya wizi yeye hayajui. Alikinunua kwa mtu, naye alikinunua kwa mtu. Wakapatana bei. Khalas. Akakifunga kigoda kwa plastiki, na kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, akayazungushia na magoti ya mzee.

Sowedi alifungua buti, akaona kinachopakiwa, akainamisha kichwa kama kwa babu yake. "Salaam, jjajja."

"Hawezi kukaa nami nyuma?" Everlyn aliuliza.

"Viti ni vyeupe," madam alisema.

Mzee Kisia akasafiri kwenye buti hadi Mirdif.

Kigoda kiliwekwa kwenye sebule ya wageni, karibu na dirisha. Sir, mume wa madam, aliuliza kama mzee atahitaji viza. Alipoambiwa kwamba wafu hawahitaji kafeel wa kuwadhamini, akarudi kwenye simu yake.

Kila asubuhi Everlyn alipangusa kigoda na mzee akainua miguu. Walizungumza kwa sauti ya chini. Mzee alikuwa ameshapanga: Everlyn akienda likizo ambebe, wazee waitwe, Ronny akalishwe hata kama ni mjinga, na mama yake arudi shambani kwake. Everlyn hakutaka kumwambia kwamba pasipoti yake iko kwa sir, na kwamba likizo yenyewe ilikuwa ikisogezwa tu, mara mtoto aanze shule, mara shangazi aje na aondoke. Hatimaye alimwambia. Mzee akasema, "Hata hivyo, omba."

Akaomba. "Madam, nikienda likizo, naomba nikirudishe kigoda. Mnaweza kunikata mshahara."

Madam alihuzunika kweli. "Everlyn, mimi ndiye niliyekiokoa. Kule kwenu kingeliwa na mchwa. Na wewe, bila mimi, babu yako ungemwona wapi?"

Everlyn akachukua kitambaa, akarudi kupangusa kigoda.

Alhamisi moja walikuja wageni. Mmoja wao, mwanamke mwenye kicheko kizuri, alitaka apigwe picha juu ya kigoda.

"Mwambie asimame kidogo," madam alimwambia Everlyn.

Mzee Kisia hakuwa mtu wa kusimamishwa. Chifu alipokwenda kwake, chifu ndiye aliyejitafutia pa kuketi. Everlyn alitafuta katika lugha ya nyumbani maneno ya kumwinua mzee kama yule ili mgeni akae, akakosa. Akabaki akisugua aproni kwa mikono.

"Everlyn! Yalla!" Ilikuwa sauti ile ambayo madam huitumia jikoni.

Mzee aliisikia. Akamtazama mjukuu wake, akaitazama mikono ile kwenye aproni. Akasimama mwenyewe.

Mgeni akaketi, akapigwa picha. Kisha akaketi mwingine. Jioni kigoda kikawekewa mto, kwa kuwa madam aliona kinakalika vizuri. Mzee akabaki kando ya mlango, mikono mgongoni. Hakuambiwa akae tena.

Siku zikapita, na kumwona amesimama bure kukaanza kumsumbua madam. Akamwambia Everlyn amwulize kama hataona vibaya kushika sinia la vikombe wageni wakija.

Mzee alikubali kabla swali halijaisha. "Wasije wakakugombeza wewe," alisema.

Everlyn akamwonyesha: kiganja wazi chini ya sinia, kidole gumba kisionekane, macho yatazame sakafu. Ndivyo alivyoonyeshwa yeye wiki yake ya kwanza. Mzee alijifunza upesi kuliko yeye.