Fremu ya Halina

Mwalimu alisema angefika saa nne asubuhi. Kufikia saa tatu na robo nilikuwa nimeshaondoa theluji mlangoni mara mbili, nimekagua zulia, nimemfunga Halina mkanda wake, nikaufungua, nikaufunga tena.

“Kaz, mwache mtoto apumue,” alisema Loreen, mke wangu. “Unazunguka mpaka kichwa kinaniuma mimi.”

Halina binti yetu ana miaka mitatu na haoni kabisa. Mkanda wake wa kiunoni umeshikizwa vijiti viwili vyepesi, vinashuka mbele yake hadi sakafuni na huko chini vimeunganishwa kwa kijiti cha kukingama. Fremu hiyo humtangulia. Ikigonga kitu, anajua kabla hajakigonga kwa paji la uso. Watoto wengine waliivaa wakaanza kutembea wiki hiyohiyo. Wangu, wiki ya sita sasa, alipiga hatua tatu tu, akasimama, akanyoosha mikono juu kutafuta vidole vyangu. Septemba angeanza chekechea, na huko shuleni walishatuambia kwamba asiyetembea mwenyewe atasukumwa kwenye kigari. Sikutaka mwanangu asukumwe kama mzigo. Niliogopa, nasema wazi.

Bi. Okerlund, mwalimu wa mwendo, aliingia akasimama palepale mlangoni. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

“Mnahama?”

“Hapana. Kwa nini?”

“Viti viko wapi?”

“Gereji,” nilijibu kwa fahari. “Meza pia, na kabati la viatu. Humu hakuna cha kumuumiza.”

“Tunakula pierogi tumesimama, mwalimu,” Loreen alidakia. “Wiki sita! Hata farasi wana nafuu.”

Bi. Okerlund hakucheka. “Kaz, hii fremu imewahi kugonga nini?”

Nilifikiri. “Hakuna. Nimehakikisha.”

“Basi haijamwambia kitu. Ataiaminije? Anachokijua ni vidole vyako tu. Umemlea kama yai, bwana. Rudisha viti.”

Damu ilinichemka. Mimi niliyebeba kabati peke yangu na mgongo huu mbovu! Lakini nilivirudisha, kimoja kimoja, kisha meza na kabati, nikisukuma mlango kwa teke na kunung'unika, theluji ikiniingia shingoni. Loreen alikaa kwenye kiti cha kwanza na kushusha pumzi kama aliyefika kutoka safari.

“Sasa kimya,” alisema mwalimu. “Mikono mfukoni. Akigonga, usimpe pole.”

Halina akapiga hatua tatu. Akasimama, akanyoosha mikono juu. Yangu ikatoka mfukoni yenyewe. Loreen akanikanyaga kidole cha mguu, na hakukanyaga kwa upole.

Mtoto alingoja. Hakuna aliyekuja. Uso ukaanza kujikunja, nami nikauma mdomo. Kisha akashusha mikono, akapiga hatua ya nne.

Ko! Kiti.

Halina aliinama, akapapasa mguu wa kiti, akarudi nyuma kidogo, akakigonga tena kwa makusudi. Ko, ko. Akacheka. Akageuka, akapita kando yake. Ko, meza. Akaizunguka. Ko, kabati, akalisema mwenyewe, “Viatu!”

Akaingia kwenye ujia wa kwenda jikoni. Hapo sikuweza tena. Nilimpita kwa kunyata upande wa pili, nikachuchumaa katikati ya njia, mikono wazi, nimdake akifika. Wiki sita nilikuwa nimeingoja saa hiyo. Bi. Okerlund alinitikisia kichwa, nilijifanya sikumwona.

Fremu iligonga kiatu changu. Halina alisimama. Mkono wake mdogo ulishika goti langu, ukapanda kwenye sweta, ukafika kwenye ndevu.

“Baba,” alisema. “Pisha.”

Nilijibana ukutani, mikono yangu haina kazi, akapita.