Gia Zilizotoka Ndogo

Siku kaka yangu alipomfukuza Fundi Mchanga kwa kosa langu mimi, nilikuwa nakunywa chai. Nikaendelea kunywa. Msinitolee macho, tangu tumzike baba moyo ulikuwa umekufa ganzi, hata ningemwagiwa maji ya moto ningeuliza tu nani kamwaga.

Kiwanda chetu ni cha kusubu chuma. Babu alikianza na tanuru la udongo na rundo la vyuma chakavu, akawa anawatengenezea wakulima majembe ya plau. Baba akaongeza mashine za kupukuchua mahindi. Kila kipuri alikichonga kwanza kwa mbao, akakipaka rangi nyekundu. Fundi Mchanga akalizika umbo hilo kwenye mchanga, akaushindilia, akalitoa, na shimo lililobaki akalijaza chuma kilichoyeyuka. Miaka thelathini na moja wamefanya hivyo, wakitaniana kama mashemeji. Baba alimwambia ana mikono ya kukandia unga, naye akajibu, "Wewe chonga, acha domo."

Wiki ya msiba kuni ziliisha. Mashangazi wakaniambia leta chochote. Nikaingia stoo, nikabeba mbao nilizozikuta, nikazisukumia jikoni. Sufuria ilikuwa inatokota ndipo nikaona rangi nyekundu inachemka motoni. Lilikuwa umbo la gia kubwa ya mashine ya kupukuchua. Nikasema, aa, imeshaungua. Nikaendelea kukoroga.

Mwezi uliofuata chama cha wakulima kikaagiza mashine kumi na mbili. Kuchonga najua, baba alinifundisha. Nikapima gia ya chuma kwenye mashine mbovu, nikachonga ya mbao sawasawa nayo, nikaipaka rangi, nikaiweka rafuni. Sikumwambia mtu. Si woga, wala. Kufungua mdomo tu kulikuwa kazi.

Ila chuma kikipoa hunywea. Baba alikuwa na rula yake maalumu, kila mita imezidi ya dukani kwa sentimita moja, ili umbo la mbao liwe kubwa kidogo na chuma kikinywea kitoshe. Mimi nilipimia rula ya dukani.

Gia zote kumi na mbili zikatoka ndogo, meno hayakamatani. Kaka akazigonga mojamoja mbele ya Fundi Mchanga.

"Mzee, nini hiki?"

"Nimefanya kama siku zote, mwanangu."

"Umbo ni la marehemu, halijawahi kukosea. Basi ni wewe. Mikono imechoka, nenda kapumzike."

Nilijua palepale, kikombe mkononi. Nikasubiri abishe, yule mzee hubishia hata salamu. Hakubisha. Alizitazama gia, akaitazama mikono yake, akachukua koti.

Siku ya tano kaka akajaribu kusubu mwenyewe. Ikatoka ndogo vilevile, akaanza kulitukana tanuru.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

Nikamweleza yote. Akakaa juu ya ndoo.

"Siku zote hizi! Mbona hukusema?"

"Sijui."

Ndio ukweli wenyewe. Akanishika mkono kama mtoto mtoro, tukaenda kwa Fundi Mchanga.

Tulimkuta sebuleni, mkewe anamlisha kwa kijiko.

"Juzi aliangusha kikombe," mkewe akasema. "Tangu hapo hataki kushika kitu. Anasema mikono imemsaliti. Vifaa vyake vyote kamgawia mpwa wake."

Nikarudia maneno yangu mbele yake. Mzee akainua mikono, akaigeuza huku na huku.

"Kwa hiyo ni mizima?"

"Mizima, baba."

"Na siku ile ulikuwa unajua."

"Nilijua."

Akamgeukia kaka. "Kesho nitakuja, uniazime vifaa. Lakini huyu akiingia, mimi natoka."

Kaka akaitikia. Hapo ndipo nikalia, mara ya kwanza tangu baba afariki, kwa sauti, kamasi zinanitoka, na mke wa Fundi akaniomba taratibu nikalie nje.