Kidonge cha Wageni

Tangu mume wangu Kipkemei awekewe kimrija cha waya kwenye mshipa wa moyo, nyumba yetu hapa Kitale haikosi wageni. Wanakuja kumpa pole, wanakunywa chai, na kabla ya kuaga kila mmoja anakumbuka kwamba hata yeye kifua humsumbua. Hapo ukarimu wa bwana huyu unaamka. Anafungua kopo la dawa na kumgawia mgeni kidonge, kama anayegawa njugu.

Nesi Peris wa kliniki alitueleza taratibu. Dawa hizi zinazuia damu isigande ndani ya kile kimrija. Anywe kila siku, hata akijisikia mzima, na asimpe mtu mwingine. Kipkemei aliitikia kila neno kwa kichwa, vile huitikia mahubiri.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wangu walikuwa wanapona wao. Juzi nilikuta kopo linakaribia kuisha na mwezi bado mbichi. Nikamuuliza yeye anakunywa nini.

"Mimi nishapona, Mama Kimeli. Siku zingine naruka, ndio zitoshe watu."

Niliogopa. Niligombana, nikanuna, nikalificha kopo kwenye debe la unga. Akalipata.

Jumapili akaja rafiki yake Muigai kutoka Tongaren. Hata chai haijapoa, akajishika kifua.

"Hii kifua yangu, bana, inachoma nikishakula nyama."

"Si ungesema mapema!" Kipkemei akamwekea kidonge kiganjani.

Kumfokea mume mbele ya mgeni ni aibu. Nikaketi karibu naye, nikanyoosha mkono.

"Baba Kimeli, hata mimi kifua kinauma. Nipatie moja."

Akafunga kopo haraka.

"Wewe? Hapana! Ati ukunywe hii na hujapimwa? Unaweza tokwa na damu tumboni mpaka ufe! Kesho twende kliniki kwanza."

Kumbe mahubiri ya Nesi Peris yalikuwa yameingia yote.

Muigai alikitazama kidonge mkononi, kisha akamtazama rafiki yake.

"Kwa hivyo mimi nikitokwa na damu ni sawa?"

Mzee wangu akaanza kukaza kifuniko cha kopo alilokwisha kulifunga na, Mungu anisamehe, nilifurahi. Muigai akakiweka kidonge mezani polepole. Nikakisukuma kwa kidole mpaka mbele ya mwenyewe.

"Leo umekunywa yako?"

Akatikisa kichwa. Hapo furaha ikaniisha.

"Basi kunywa, Baba Kimeli. Hata wageni wa matanga watataka chai, na mimi siku hiyo sitakuwa na nguvu ya kuwapikia."

Akakimeza bila kuniangalia, huku mkono wake mwingine ukiushika wangu mbele ya mgeni.